Nilimjengea Ndugu Yangu Nyumba Akiwa Bado Anapata Nafuu

Nilimkosea ndugu yangu, na sitafuti mtu wa kunitetea. Wengi wananiambia nilikuwa na nia nzuri. Nia ilikuwa nzuri, ndiyo, lakini Ouma yuko chini ya udongo.

Hilo si jina lake. Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, baba wa watoto wawili, mcheshi na mbishi. Sisi ni Wajaluo, lakini tumekulia Kericho, ambako baba yetu alikuja kuchuma chai. Mimi niko kiwandani, upande wa kukaushia majani. Yeye alikuwa anaendesha mashine ya kuchumia.

Uvimbe ulianzia shingoni, ukakua mpaka kola ya shati ikakataa kufungwa. Hospitalini wakasema ni limfoma, saratani ya tezi, tena ile ya mbio. Akapangiwa dawa za kutiwa kwenye mshipa, awamu baada ya awamu.

Daktari akataka kutueleza hali yake. Ouma akakataa kuingia. "Enda wewe, usikie kwa niaba yangu," akaniambia. Aliniamini hivyo!

"Tunaangalia umri, damu yake, mahali ugonjwa umefika, na kama bado anajiweza," daktari akasema. "Tukijumlisha, ndugu yako ako kwa kundi ya hatari kubwa. Lakini kundi si mtu. Hii ugonjwa inakimbia, na dawa pia inaweza kuishika. Asikose hata awamu moja."

Mimi nilitoka pale na neno moja tu kichwani: hatari. Mengine yote niliyaacha juu ya meza ya daktari.

Nikampigia baba mdogo, aliye nyumbani kwetu kule ziwani. "Baba, Ouma hana nyumba," nikamwambia. "Imefika hapo?" akauliza. Nikamwambia imefika.

Kwetu mwanamume mwenye mke na watoto hazikwi kwenye boma ambalo hana nyumba. Na nyumba ikijengwa vizuri, mwenyewe huwepo nguzo ya kwanza ikichimbiwa. Ya mtu ikisimamishwa bila yeye, kila mtu anajua ni ya nini. Nililijua hilo vizuri, na bado nikatafuta fundi. Nilipokwenda kuona kazi, nilimdanganya Ouma kwamba naenda Mulot kununua mahindi.

Kumbe dawa zilikuwa zinafanya kazi. Baada ya awamu ya tatu alikuja kwangu amevaa shati la kanisani. "Omera, ndugu yangu, ona," akasema, "kifungo imeingia." Nikacheka naye, huku simu inalia mfukoni, fundi anauliza habari ya mabati. Hapo ndipo ningesimamisha kila kitu. Nikaona aibu kuwaambia wazee wa nyumbani kwamba nilikosea, nikaacha fundi aendelee.

Siri ilitoboka kwa binamu yetu, ambaye alidhani Ouma anajua. Alimtumia picha kwenye simu akamuuliza mlango upakwe rangi gani.

Ouma alinikuta nikijiandaa kwenda zamu. Alinishikisha hiyo simu.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na mimi nilikuwa wapi ikijengwa?"

Niliinama nikafunga kamba za viatu vya kazi.

"Daktari alikuambia nakufa?"

"Alisema uko kwa kundi ya hatari."

"Sikuuliza kundi. Niliuliza mimi."

Akachukua simu yake akaenda. Siku ya dawa ilipofika alilala akatazama ukuta. Mkewe alimlilia, mchungaji akaja, mimi nikapiga magoti. "Mshanizika, mnangoja mwili tu," alisema. Alipokubali kurudi hospitalini, kola ilikuwa imekataa kufungwa tena. Wakajaribu dawa nyingine. Uvimbe haukusikia.

Jeneza lake lililala katika nyumba ile usiku mmoja. Baada ya mazishi baba mdogo alinivuta kando. "Hii majirani wangejenga kwa siku mbili," akasema. "Haraka yako ilikuwa ya nini, mwanangu?"

Nilirudi kwa daktari, nikamuuliza kama Ouma angepona iwapo angemaliza dawa. Alisema hajui, na hakuna anayejua. Kisha akaniambia neno linaloninyima usingizi: "Ile hesabu nilikupa ni ya watu wanaotumia dawa. Wewe ulienda nayo kuchimba kaburi."

Wewe unayemuuguza mtu wako, nakusihi. Ukiambiwa yuko kwenye kundi la hatari, uliza siku ya dawa ni lini, umfikishe. Kama kuna neno hukulielewa, rudi ukaulize, usikimbilie kwa wazee. Na usimfiche kitu kinachomhusu yeye.

Nyumba ingengoja. Mlango wake mpaka leo haujapakwa rangi, kwa sababu aliyeulizwa hakujibu.