Maji ya Mahali Nilipoanguka

Nilipokuwa mtoto, kwetu Shella, Malindi, hakuna aliyeanguka akaacha mahali pakavu. Ukijikwaa kizingitini, ukiteleza kando ya kisima, mtu mzima aliyekuwa karibu alichota maji kidogo akayamwaga pale ulipoangukia, ndipo akakutazama goti. Wazee walisema ardhi ina wenyewe, na mtoto akishtuka, kitu chake hubaki pale chini. Maji hupapoza mahali, na kile kitu humrudia. Sasa mimi nami ni mama, na bado sijui kama ni kweli. Ninachokumbuka ni mikono ya watu, na kwamba hakuna aliyeuliza kwanza huyu ni mtoto wa nani.

Wakati huo nilikuwa sijaanza shule. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mti mkubwa wa mkungu, na sisi watoto tulionywa tusiukaribie baada ya alasiri, kwa kuwa saa hizo una wageni wake. Alasiri moja niliupanda. Nakumbuka majani yaliyogeuka mekundu, na mwanga ukipita katikati yake kama sharubati. Kisha nakumbuka mchanga mdomoni. Sikuvunjika popote. Ila nilipoinuliwa, nilikuwa sisemi.

Mama alimwaga maji chini ya mkungu jioni ile, na jioni iliyofuata. Jirani alileta udi, akaufukiza hadi nyumba nzima ikawa kama wingu. Baba, aliyekuwa seremala, alinichongea kitanda kidogo cha mwanasesere, akakiweka mapajani mwangu. Niliwasikia wote kama mtu aliyezama anavyowasikia walio ufukweni. Nilitaka kujibu. Neno lilikuja hadi kwenye meno, likarudi.

Ndipo bibi yangu, mamake baba, alipokuja kutoka Mambrui. Alishuka kwenye tuktuk na mkate wa sinia uliofungwa kwenye kanga, akamwambia dereva, "Usiondoke hujala kipande, umenibeba kama yai." Kisha akanigeukia mimi.

"Mke mwenzangu, mbona umeninunia? Babu yako mbona nimekuachia zamani!"

Mama alicheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio. "Nimemwaga maji, mama. Pale pale chini ya mkungu. Haujamwachilia."

"Umemuuliza mwenyewe ni wapi?"

"Nitamuulizaje, naye hasemi?"

Bibi alichota maji mtungini kwa kata, akanishikisha mimi. "Aliyeanguka ndiye apajuaye mahali," akasema. "Nenda ukamwage. Sisi tunakufuata."

Mama alikwisha kufungua mlango wa uani. Mimi nikageuka upande wa pili. Nilipita sebuleni polepole, maji yakinidondokea miguuni, hadi kwenye pazia la chumba cha baba na mama. Hapo nikamwaga yote.

"Hapo hukuanguka, mwanangu," mama akasema kwa upole.

"Mwache," akasema Bibi.

Siku ile, kabla ya kuupanda mkungu, nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia lile. Mama na baba walikuwa wakigombana. Kwa jambo gani, mpaka leo sijui. Nilimsikia mama akisema atarudi kwao. Nikamsikia baba akisema, "Nenda, na mtoto wako umchukue." Nilingoja mama aseme kitu juu yangu. Hakusema. Pazia likapepea, likanigusa uso. Nikatoka nje, nikaenda kwenye mti tuliokatazwa, maana niliona sina tena wa kunikataza.

Baba alikuwa amesimama karibu, maji yamemfika vidoleni. Alilitazama pazia, akanitazama mimi, nami nikaona uso wake unabadilika. Akachuchumaa mbele yangu.

"Ulikuwa hapa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ilikuwa hasira, mama," akaniambia. Ndivyo alivyoniita nilipougua au alipotaka kunibembeleza. "Hasira ndiyo iliyosema."

"Hasira haina ulimi," Bibi akasema nyuma yake. "Iliazima wako."

Mama akaja akakaa sakafuni, kwenye maji yale yale, akanipakata. Mmoja wao akasema, "Hata tukigombana, wewe ni wetu sote." Sikumbuki alikuwa nani, na sijawahi kuuliza. Katika kumbukumbu yangu sauti zao zimechanganyika, nami sitaki kuzitenganisha.

Upepo uliingia dirishani, harufu ya mkate ikatufikia pale chini.

"Nataka mkate," nikasema.

"Alhamdulillahi!" Bibi akapiga makofi. "Mke mwenzangu hajafa, mlafi ni yule yule."

Majirani walisema mkungu umeniachilia, na nyumbani hakuna aliyewabishia. Baba na mama hawakuacha kugombana, ni watu. Lakini tangu siku ile, sauti zikianza kupanda, mama alikuwa anainuka, anachota maji, anampa baba kikombe, naye anabaki na chake. Walikunywa wakitazamana. Mimi nikiwa kwenye mkeka nilizisikia sauti zikishuka, nikaendelea kumlaza mwanasesere wangu.

Sikusoma sana, niliishia shule ya msingi. Lakini nikimtazama mwanangu nadhani Bibi alilijua jambo ambalo mimi nimelijua polepole. Mtoto huweza kuanguka na asiwe na hata mkwaruzo, akaangukia ndani ya nyumba, wakubwa wakahangaika kumtafuta chini ya mti.

Juzi mimi na mume wangu tulipandishiana sauti jikoni. Mwanetu, ambaye bado ni mdogo wa kushikwa mkono, akaingia na kikombe chake cha plastiki, maji mengi yamemwagika njiani. Kila anapoanguka huniona nikimwaga maji. Akatazama sakafu, akatuzunguka miguuni, akitafuta mahali.

"Nani ameanguka?" akauliza.

Mume wangu akanitazama. Tukachuchumaa wote wawili.

"Ni sisi, mwanangu," nikamwambia. "Mwaga hapa."