Mama Anapopita Bandarini

Jengo la abiria la bandari ya Bukoba limekarabatiwa, na nadhani ni mimi peke yangu nisiyefurahi. Naandika hivi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Zamani lilikuwa jengo la tangu wakoloni, mabati yana kutu, ndani kunanuka magunia ya kahawa. Meli ilifika asubuhi, lakini ukiteremka hapakuwa na usafiri. Mpaka ufike stendi mjini, magari ya Muleba yameshaondoka. Basi mama, ambaye ni fundi cherehani Mwanza, kila akija kumuuguza bibi kule Ngenge, wilayani Muleba, alilazimika kulala kwetu Hamugembe, hapa mjini, kwa shangazi yangu ninakokaa nikisoma. Usiku mmoja tu. Alirekebisha sketi yangu kwa sindano ya mkono huku akinihoji habari za shule, na mimi nisiyeongea na watu niliongea mpaka shangazi akagonga ukuta.

Sasa kuna vigae na mabenchi, na lilipokuwa ghala zinapangwa kosta, mabasi madogo ya kwenda Muleba. Unashuka melini, unapanda gari. Mara mbili zilizopita mama alinikumbatia akiwa ameshashika mlango wa gari.

Jumamosi hii nilikwenda nimejipanga. Nilikuwa nimefua shuka, na sentensi niliishika kichwani njia nzima: Mama, leo lala kwetu.

Alitoka na begi lake la mistari, akaniita kwa Kihaya. "Waitu, mwanangu, umerefuka! Hiyo sketi nani kakufupishia?"

"Sijafupisha. Ni mimi nimekua."

Alicheka. Kabla sijasema kitu, konda akalidaka begi. "Muleba, Muleba! Mama, siti ya dirishani hii hapa, nimekutunzia kama mama mkwe!"

"Binti gani atakukubali na kelele hizo?" mama akamjibu, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama vigae.

"Mama, leo lala kwetu," nikasema.

"Unasemaje?"

Konda ndiye aliyesikia. "Mama, mtoto anaomba ulale kwao!"

Nilitamani sakafu inimeze. Abiria wote dirishani wakanitazama. Mama hakucheka tena. Alinishika bega, akanisogeza pembeni.

"Bibi yako hawezi hata kujigeuza kitandani. Jirani anayemwangalia anaondoka leo. Nikilala huku, nani atamgeuza?"

Nilijua yote hayo hata nilipokuwa nafua shuka. Niliitikia kwa kichwa tu, machozi yakatoka bila ruhusa yangu.

Mama akamgeukia konda. "Nishushie begi. Nitapanda linalofuata."

"Mama, siti ya dirishani!"

"Mpe mama mkwe mwingine."

Tukakaa kwenye benchi jipya. Nilimweleza kuhusu hesabu zinazonishinda, na kuhusu rafiki yangu aliyehamia mtaa wa Miembeni akaacha kunisalimia. Alinisikiliza huku akikagua pindo la sketi yangu kwa vidole, akisema kuna kitambaa kilichokunjwa ndani cha kuachia ili irefuke, hata sentimita nne. Nikasema basi utaachia ukirudi. Akasema ndiyo, akirudi.

Nilikuwa bado sijamaliza habari ya rafiki. Kosta ya pili ilijaa haraka kuliko ya kwanza, na mama akalichukua begi lake.