Maji ya Samaki na Migomba ya Mama

Juzi nikisubiri misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kayanga, mzee mmoja wa Bugene alikuwa akimchorea mwenye duka mpango wake kwa kidole kwenye vumbi la kaunta. Tangi la kioo la samaki litakaa sebuleni. Maji yatashuka kwa bomba hadi tangi la pili chini ya meza, yachujwe, kisha pampu iyarudishe juu.

"Yarudi juu?" akauliza mke wa mzee, aliyesimama kando yake, mkono kiunoni. "Na mbolea yote hiyo ya samaki? Yapeleke migombani!"

Nilimwelewa. Huku kwetu hata maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi ovyo. Mgomba wa karibu na jiko ndio wenye mkungu wa kuonyesha wageni.

"Na umeme ukikatika, mzee?" mwenye duka akauliza. "Pampu itasimama, maji ya juu yatashuka, tangi la chini litafurika. Zulia kwaheri."

Mzee akakuna kidevu. Hilo hakulifikiria.

"Toboa tangi la chini karibu na ukingo, uunge bomba la kwenda nje," mwenye duka akamshauri. " Yakizidi, yaende..."

"Migombani," yule mama akamalizia, akishusha mkono.

"Na umeme ukirudi, nani atajazia yaliyopotea?" mzee akalalamika.

"Mwenye samaki," mkewe akajibu.

Umeme ukikatika tena, Karagwe nzima tutanung'unika, isipokuwa mama mmoja wa Bugene, atakayekuwa dirishani akiitazama migomba yake ikinywa.