Shikilia Sol

Kitu cha kwanza ambacho Doriane alikiona kwa Mama Nabintu ni daftari lake. Lilikuwa limefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, na mwenyewe alilipakata kama mtu anayepakata mtoto mgonjwa. Somo la kwanza lilipita, la pili likapita, la tatu likapita, na hakulifungua hata mara moja. Wenzake waliandika, yeye alisikiliza. Baadaye ndipo Doriane alipoiona na nguo: kitenge cheusi cha msiba, kilichofuliwa mara nyingi hata weusi wake ukageuka kuwa kahawia, na pindo zake zimeshonwa na kushonwa tena kwa uzi mpya.

Doriane alikulia Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alisomea ualimu wa muziki Mbarara, na tangu amalize chuo alikuwa akirudi kambini kila Jumamosi mchana kuwafundisha wanakwaya wa kanisa la mabati kusoma noti. Alikuja na chaki, ubao mdogo, diapazoni ya kutolea sauti, na imani kwamba hakuna swali lisilo na jibu. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliotoka Kivu Kusini, Kongo, wakulima na wachuuzi, wengi wao wakubwa kuliko mama yake mzazi, na maswali yao yalikuwa yale yale ambayo wanafunzi wa muziki huuliza kila mahali. Kwa nini majina ni saba, kisha la nane linaitwa do tena? Kuna haja gani ya kusoma, ikiwa babu zetu waliimba bila kusoma? Kwa nini wimbo huu unacheka na ule unalia, na majina ya noti ni yale yale?

Siku aliyofundisha kwamba do haina makao, kwamba wimbo ukipanda do nayo hupanda, Anatole aliinua mkono. Anatole aliuza mihogo, aliimba besi, na hakuwahi kukaa kimya hadi somo liishe.

"Mwalimu, hii do nayo iko mukimbizi? Leo iko huku, kesho iko kule. Barua yake tutatuma wapi?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Doriane mwenyewe alicheka hadi chaki ikamdondoka.

"Afazali yeye," sauti ikasema kutoka benchi la alto. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Nabintu kufungua kinywa. "Yeye akihama, jamaa yake yote inamufuata. Re iko karibu yake, mi iko karibu yake, hakuna mwenye anabakia nyuma."

Kicheko kikakatika. Anatole aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Baada ya somo Mama Nabintu hakuondoka. Alisubiri mabenchi yapangwe, akafungua mfuko wa kwanza, akafungua wa pili.

"Mwalimu, niko na ulizo moja. Mutu akiwa na alto peke yake, anaweza kupata soprano?"

Katika daftari mlikuwa na wimbo mmoja tu: mstari mmoja wa herufi za solfa, zilizoandikwa kwa penseli na mkono nadhifu. Juu yake yalikuwa maneno mawili, Alto, na chini yake, Nabintu.

Wimbo huo uliandikwa na mumewe, Damascène, aliyekuwa kiongozi wa kwaya huko kwao, milimani juu ya Uvira. Damascène alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha kwa mtu. Wimbo mpya hakuufundisha kwa kwaya nzima. Kila sauti ilikuwa na siku yake na nyumba yake: soprano Jumatatu kwa kina Pascaline, alto Jumanne jikoni kwake, wanaume siku zilizofuata. Kila mwimbaji alinakiliwa mstari wake peke yake. Aliamini kwamba mtu akisikia sauti ya jirani kabla hajakomaa katika ya kwake, sikio lake linaharibika. Hata mkewe hakuruhusiwa kuisikia soprano. Alipomwomba amwimbie kidogo tu, wakiwa wanamenya maharage, Damascène alitikisa kichwa akicheka. "Utaisikia siku tutakutana wote," alisema.

Siku hiyo haikufika. Kabla sauti nne hazijakutana, bunduki ziliingia kijijini. Walikuwa wamekwisha kuvuka mto Damascène alipokumbuka daftari kubwa, lile lenye sauti zote. Alisema anarudi mara moja. Mama Nabintu alimsubiri ng'ambo tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka waliovuka mwisho wakamshika mkono na kumwambia asisubiri tena. Kaburi hakuliona. Miaka saba ilikuwa imepita.

"Bashemeji wangu walisema niondoe nguo nyeusi mwaka ikiisha," alimwambia Doriane. "Nikawauliza, tunaondoa matanga namna gani na hatujamuimbia? Akaacha wimbo moja tu. Na miye nilibakiwa na kipande."

Doriane alilitazama lile daftari, akaitazama nguo. "Inawezekana, mama," alisema, upesi mno. "Ziko kanuni."

Jumatano iliyofuata walikutana Mbarara, upande wa Ruti, katika karakana ya Hudu, fundi wa redio na vinanda. Doriane alihitaji kinanda, na Hudu alikuwa nacho kimoja ambacho mwenyewe hajakuja kukichukua.

"Nyabo, karibu," Hudu alimwambia Mama Nabintu huku akipangusa kiti kwa kanzu yake. "Hii iko mzima. Hapa tu, mbili hazilii. Wewe ruka hapo."

Mama Nabintu alipitisha kidole juu ya kinanda bila kukibonyeza, kisha akasimama. "Mwalimu, juu ya nini hapa kati ya mi na fa hakuna nyeusi? Bengine mingi iko nayo."

"Hata mimi najiuliza," Hudu akadakia. "Nafungua hizi vitu miaka ishirini. Mimi nilifikiri kiwanda ilisahau."

Doriane alieleza, macho yake yakimeremeta, kwamba mi na fa zimekaribiana kiasi kwamba katikati hapana nafasi ya mwingine. Alieleza pia kwamba kila noti ya alto ni ya jamaa fulani ya sauti, na jamaa hizo hufuatana kwa njia zinazojulikana. Kwa hiyo ukiwa na sauti moja unaweza kukisia nyingine. Mama Nabintu alisikiliza hadi mwisho. Hakukumbuka jambo lolote isipokuwa neno moja, unaweza.

Doriane aliandika kwa siku nne. Alifuta, akaandika upya, akapeleka kwa mwalimu wake wa chuo, naye akamsifu. Kwaya ilijifunza kwa majuma mawili, na Jumamosi ya tatu waliimba sauti zote, Mama Nabintu akiwa amesimama katikati, macho ameyafumba, akiimba alto ya mumewe kwa mara ya kwanza chini ya soprano. Ulikuwa wimbo mzuri. Walipomaliza, Anatole alijifuta uso kwa kofia yake, wala hakutoa mzaha.

Mama Nabintu alifumbua macho.

"Ni muzuri, mwalimu. Lakini haiko yake."

"Umejuaje, mama, na hukuwahi kuusikia?"

Aliweka kidole kwenye daftari, mahali ambapo herufi ya sol ilishikiliwa kwa mapigo manne. "Hapa nilimukasirikia. Nikamuambia, mbona miye unaniacha fasi moja, bengine banatembea? Akanijibu: 'Shikilia sol. Soprano itaondoka, itaenda mbali, halafu itarudi ikukute. Ukisogea, itarudia kwa nani?'" Akakiondoa kidole. "Yako, mwalimu, haiondoke. Inakaa na miye tu."

Ilikuwa kweli. Pale Doriane alikuwa ameiweka soprano juu ya do na kuiacha, kwa sababu palikuwa salama na kanuni zilipakubali. Siku ile hakula. Kanuni zilimwonyesha njia zote ambazo Damascène angeweza kupita. Hazikumwonyesha ile aliyopita.

Jumamosi iliyofuata alimwendea Mama Nabintu kabla ya somo. "Mama, ulizo lako nililijibu vibaya. Jibu ni hapana. Alto peke yake haiwezi kuleta soprano ya mtu. Unisamehe."

"Hukukosa, binti yangu. Ulitaka sana." Akalitia daftari katika mfuko wa kwanza, akalitia katika wa pili. Majuma matatu hakuonekana kwenye somo. Doriane alimwona mara moja tu, kwa mbali, akipalilia shamba lake amevaa kitenge kile kile.

Aliyemfuata nyumbani ni Anatole, na simu mkononi. "Mama, imba alto yako hapa. Nitaituma mu magroupe yote ya batu ya kwetu. Siye tulitawanyika fasi mingi kupita hata do ya mwalimu. Hatukose mwenye ataijua."

Mama Nabintu aliimba amesimama mlangoni, na kuku wakasikika katika ile rekodi. Jibu lilikuja siku ya kumi na sita, kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Ilikuwa sauti ya mwanamke, akisema haraka kama anayeogopa kukatwa: "Hii alto ni ya kwetu. Miye nilikuwa soprano. Kama mwenye anaimba ni Nabintu ya Damascène, mumuambie Pascaline iko muzima, na iko na ya juu."

Walipopigiana, Doriane alikuwa pale, na Anatole ndiye aliyeshika simu. Walilia kwanza. Walitajiana majina ya waliokufa, na orodha ilikuwa ndefu. Tenori wote wawili walikuwemo, na besi pia. Kisha Pascaline akakohoa, akasafisha koo ili aimbe.

"Usiimbe!" Mama Nabintu alipiga kelele. "Nikiisikia kwa simu nitaisikia peke yangu. Kuya huku."

"Nabintu, hii miaka yote nilikuwa najua yangu ndio wimbo wenyewe," Pascaline alisema. "Sikujua kama iko nusu."

"Dada, niambie kitu kimoja. Pale kwenye yangu inasimama mapigo ine, yako inaondoka?"

"Inaondoka. Inaenda mbali sana."

"Inarudia?"

Anatole akatazama kama mtandao umekatika.

"Nitakuya nikuonyeshe," Pascaline alisema.

Kibali chake cha kusafiri kimetoka juzi. Basi lake litapita mpakani Mutukula na kuingia Mbarara kesho, saa saba mchana, na Hudu ameahidi kufunga karakana ili akampokee pamoja nao. Kwa Jocelyne, fundi cherehani, kuna kitenge cha manjano kilichokwisha kushonwa, ambacho Mama Nabintu amekataa kukijaribu hadi wimbo uimbwe. Doriane amelisafisha kanisa na kupanga viti viwili tu, kimoja cha soprano, kimoja cha alto. Amekuja na diapazoni. Hakuja na kanuni yoyote.

Na Mama Nabintu, tangu asubuhi, anachambua maharage ya wageni mlangoni pake, na kila baada ya muda mfupi anaishikilia sol yake, mapigo manne, anaiacha, anageuza uso kutazama barabara, kisha anaanza tena.