Alizeti za Darasa la Sita

Lazaro Ntandu alikuwa mwalimu wa UPE, na kama wewe ni wa rika lake huhitaji kuelezwa neno hilo lina uzito gani. Serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani na walimu wasitoshe, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, asubuhi wakifundisha na mchana wakifundishwa. Baadaye watu waliisahau shida ile wakabaki na dharau tu. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, mzazi alisema, "Si wa UPE huyo," na mazungumzo yakaishia hapo. Lazaro aliyameza maneno hayo miaka nenda miaka rudi, akaendelea kufundisha Sayansi katika shule moja ya msingi si mbali na Ilongero.

Alichojivunia ni kuchora. Mpe chaki za rangi, na mbegu ya maharage aliyoichora ungetamani kuibandika jikoni. Moyo wa binadamu aliuchora kwa nyekundu na bluu, na mara kadhaa mwalimu mkuu, Mama Theodora, aliwakataza watoto wa zamu wasifute ubao mpaka wageni wauone. Akifika kwenye somo la maua alichora alizeti, maana hilo ndilo ua ambalo kila mtoto wa Singida amelipalilia. Binti yake, Kristina, tangu hajaanza shule alikaa kando yake jioni akiiga michoro ile kwa kijiti kwenye udongo. Majirani walipomtania kwa kumuuliza nani anajua kila kitu duniani, alimwonyesha baba yake kidole, na Lazaro hakuona sababu ya kumsahihisha.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa vitu, mashine za watu binafsi za kukamua alizeti zikaanza kunguruma njia ya mjini, na walimu nao wakauza maandazi na mitumba ili mwezi uishe salama. Katika miaka hiyo ndipo alipoletwa Idrissa. Alitoka chuo cha ualimu moja kwa moja, kwao Manyoni, kijana mwembamba mwenye jinzi ya mtumba iliyomkaa vizuri kuliko suruali yoyote ilivyowahi kumkaa Lazaro. Mama Theodora akampa Sayansi ya darasa la sita na la saba. Lazaro akarudishwa la nne na la tano. Kristina, wakati huo, alikuwa la sita.

"Wewe unatujengea msingi, Mwalimu Lazaro," Mama Theodora alimwambia. "Nyumba ni msingi."

"Sawa, mama," akajibu Lazaro, akijua vizuri kwamba siku ya kuhamia watu husifu bati.

Idrissa hakuchora kabisa. Kwa Lazaro, huo ulikuwa uvivu uliovalishwa nguo ya usomi. Kijana aliwatoa watoto nje, akawalaza kifudifudi watazame siafu, akawapandisha kwenye miamba nyuma ya shule waone jinsi mizizi ya mti mdogo inavyopasua jiwe. Lazaro, akiwa amebaki ndani na darasa lake la nne, alisikia vicheko dirishani. Alikitambua cha Kristina katikati ya vyote, na roho ikamuuma hasa.

Jioni moja walikuwa wanakula ugali wa uwele na mlenda, yeye, mkewe Yunisi na Kristina.

"Baba," Kristina akasema, "kumbe alizeti siyo ua moja."

"Ni nini basi, kiatu?"

"Ni maua mengi yamekaa pamoja. Mwalimu Idrissa alipasua kichwa cha alizeti katikati, tukaona. Kila mbegu ina kiua chake kidogo. Yale majani ya njano ya pembeni nayo ni maua, ila hayazai, yanawaita nyuki tu."

Lazaro aliacha tonge mkononi. Miaka yote aliyofundisha alikuwa ameichora alizeti kama ua moja kubwa, petali pembeni, mbegu katikati, na mshale wa kila sehemu. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na hakuwahi kukipasua kichwa chenyewe ingawa alikuwa na shamba zima la alizeti nyuma ya nyumba. Aliinuka akisema ameshiba. Alfajiri alikwenda shambani, akavunja kichwa kimoja na kukitazama kwa karibu, na kila kitu kilikuwa kama alivyosema kijana wa Manyoni. Akakitupa kwa mbuzi.

Kuanzia hapo nyumba ilijaa Idrissa. Mwalimu Idrissa amesema popo si ndege. Mwalimu Idrissa amesema magadi ya kandokando ya ziwa yanabaki maji yanapokauka. Yunisi, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, alimwambia mumewe waziwazi, "Unamwonea wivu mtoto wa watu." Lazaro akakataa kwa hasira, na hasira hiyo ikamjibia. Alikuwa na wivu. Ulimwamsha kabla ya jogoo na kumfanya ahesabu makosa ya kijana, jinsi anavyochelewa paredi, jinsi anavyowaacha watoto wamwite bila kusimama.

Msimu huo darasa la sita lilipewa kona ya shamba la shule. Alizeti zilipokaribia kuchanua, Idrissa aliwaambia watoto washone vifuko kwa chandarua kikuukuu na kuvivisha baadhi ya vichwa, nyuki wasifike. Vingine viachwe wazi. Wakati wa kuvuna wangeona kama kweli bila nyuki hakuna mbegu. Kazi hii ingepelekwa kwenye maonyesho ya shule mjini Singida, na mtoto mmoja angesimama mbele ya wageni kuieleza. Alichaguliwa Kristina. Yeye ndiye aliyevifunga vifuko vyote kwa uzi wa kusukia nywele, kila kimoja kwa mafundo magumu yaliyobanana, kama alivyoelekezwa.

Baba mwenye akili zake angefurahi. Lazaro alijaribu kufurahi, akashindwa. Aliona tu kwamba siku ya binti yake kung'ara mjini, atakayepigiwa makofi pembeni yake ni mtu mwingine.

Shule zikafungwa kwa likizo fupi, alizeti zikachanua, na zamu ya ulinzi wa shule ikamwangukia Lazaro. Idrissa alikwenda kwao Manyoni. Asubuhi ya kwanza Lazaro alizunguka ile kona ya shamba kama mtu aliyepotelewa na kitu. Kisha akakata uzi wa kifuko cha kwanza, akakivua, halafu cha pili, mpaka vyote. Nyuki wakaja bila kubembelezwa. Jioni akavivisha tena na kuvifunga kwa uzi mwingine alioutoa kwenye kikapu cha Yunisi. Likizo nzima alifanya hivyo, asubuhi akifungua, jioni akifunga, akijiambia kwamba anampunguza tu kijana maringo. Kwa Kiswahili cha wazi, alikuwa anatia mchanga kitumbua cha mwenzake, na kitumbua chenyewe kilikuwa mkononi mwa mwanawe. Hilo la pili hakuliwaza.

Mwezi wa sita vichwa vilikauka. Idrissa alivikata vikiwa na vifuko vyake, akavipanga juu ya meza darasani, akamwalika Mama Theodora na walimu wote. Lazaro alisimama nyuma karibu na mlango, mikono kifuani, akisubiri aibu ya mtu.

"Kristina, fungua," Idrissa akasema.

Kristina alikishika kifuko cha kwanza, akasita. Hapakuwa na fundo gumu. Uzi ulikuwa umezungushwa na kuachiwa kitanzi, unavuta ncha moja kwa mkono mmoja unaachia wote. Ndivyo Lazaro alivyofunga ndama kila asubuhi wakati wa kukamua, kwa sababu mkono wa pili unakuwa umeshika kibuyu. Mikono yake ilikuwa imejiendea yenyewe, naye hakuiangalia. Ni Kristina aliyekuwa akiwashika ndama wale tangu akiwa mdogo, na kufungua kamba zile ilikuwa kazi yake. Alivuta ncha, uzi ukaachia. Akatazama kifuko cha pili, na cha tatu. Kisha akainua macho, akampata baba yake kule nyuma.

Idrissa alivipukuchua vichwa vile. Mbegu zikamwagika mezani, nene, zimejaa, sawa na zile za vichwa vilivyoachwa wazi. Darasa likaguna.

"Haiwezekani," Idrissa akasema polepole. Akachukua uzi, akaugeuza. "Huu siyo uzi tuliofungia. Kuna mtu alifungua. Kristina, vifuko vilikuwa mikononi mwako."

Lazaro alifungua kinywa. Angeweza kusema wakati ule, na aliujua wakati ule kuwa ndio wenyewe. Lakini Mama Theodora alikuwa mbele, walimu walikuwa pembeni, na neno UPE lilikuwa tayari masikioni mwake kabla mtu hajalitamka.

"Nilifungua mimi, mwalimu," Kristina akasema. "Nilitaka kuona ndani."

Idrissa hakugomba, na pengine angegomba ingekuwa nafuu. Alimtazama mtoto yule kama mtu aliyeazimisha kitu chake cha thamani akarudishiwa kimevunjika. "Nilikuamini," akasema. "Mjini atakwenda Jesca, na tutaeleza habari ya siafu."

Walimu walipokuwa wanatoka, Idrissa alimfuata Lazaro uani. "Shikamoo mzee. Nakuomba usimpige. Watoto hutamani kuona kilichofichwa." Lazaro akaitikia marahaba. Alikuwa amepata alichokitaka. Kijana alikuwa ameaibika, na Kristina hakuwa tena mtoto wa Idrissa.

Jioni alimkuta binti yake uani akiosha vyombo. Nyumba ile ilikuwa ya Kinyaturu. Humo ndani walicheka, waligombana na kuombeana heri kwa lugha hiyo, na Kiswahili kiliachwa shuleni pamoja na chaki. Kwa Kinyaturu Lazaro akamwambia kwamba alikosea, kwamba asubuhi atakwenda kwa Idrissa kusema nani alifungua vile vifuko, na kwamba safari ya Singida ni yake na ataipata. Alisema yote hayo akiwa amechuchumaa karibu naye. Akangoja amwite baba.

Kristina aliweka sufuria chini. Akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kama wanavyosimama darasani, na akamjibu kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mwalimu."