Maji ya Kisima Kabla ya Ubatizo

Siku moja nakumbuka, nikiwa bado mtoto kule Dagoretti, niliamua kumfurahisha baba kwa kumsafishia baiskeli. Ilikuwa na kutu kwenye rimu. Nikachukua mchanga wa mtoni na gunzi la hindi, nikasugua kutoka asubuhi mpaka kuku wakaanza kurudi. Kutu ilitoka, mwanangu, na rangi ikatoka, na jina la baba alilokuwa amelipia fundi aliandike pale kwenye fremu nalo likatoka. Baba hakunichapa. Alizunguka ile baiskeli mara mbili, akaniuliza kama nilikuwa nimepumzika. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Nilikuwa mtu wa nguvu nyingi, hilo ndilo nataka ujue. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mikono yangu haikukubali kukaa. Nimelima maua ya watu, nimepaka nyua chokaa, na mwisho, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nikaangukia kazi ya kutunza mabwawa ya kuogelea huko Lavington. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini, lakini kwa kazi hiyo nilikuwa mbichi kabisa. Nilijua kitu kimoja: maji yakiwa mabaya, mwaga klorini. Yakizidi kuwa mabaya, ongeza.

Basi kulikuwa na mama mmoja, tukimwita Mama Njoki, mjane mwenye nyumba za kupangisha kule Muthangari. Kanisa lake lilikuwa bado linajengwa, kwa hivyo akalitoa bwawa lake, lile nililolitunza mimi, Jumapili moja wabatize watu. Katika hao watu alikuwemo baba yake mzazi, mzee wa miaka themanini na zaidi, aliyekataa dini tangu ujana wake. Mwaka huo akakubali. Ila alisema wazi kwamba haingii kwenye maji asiyoona chini yake.

Maji ya baraza la jiji yalikuwa ya mgao, kwa hivyo Jumatano tukajaza bwawa kwa maji ya kisima cha mashine. Yalitoka meupe kama glasi. Alhamisi asubuhi nikamwaga klorini, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, bwawa lilikuwa la kahawia. Nikamwaga tena. Likazidi. Nikamwaga mara ya tatu, mpaka macho yakaniwasha.

Wafula, askari wa lango, akaja akasimama na rungu lake. "Kariuki, chai ya rangi iko tayari," akasema. "Sasa sukari utaweka magunia mangapi?"

Mama Njoki hakucheka. "Baba yangu amekuwa akitafuta sababu maisha yake yote," akaniambia. "Akiona hii maji, hatarudi tena kanisani. Na wewe usirudi hapa."

Ijumaa alfajiri nikashuka mjini na chupa mbili za maji: moja ya kisima, moja ya bwawa. Nilikuwa nanunua dawa kwa Mzee Athumani, mtu wa pwani mwenye duka jembamba nyuma ya msikiti. Alikuwa mkali kwa maneno, na mizani yake hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Nikamwambia anipe klorini kali zaidi. Hakunipa. Alishika ile chupa ya kisima, akamimina kwenye glasi, akatia chembe ya klorini kwa ncha ya kijiko. Maji yakageuka kahawia mbele ya macho yangu.

"Umeona? Maji haya yana chuma," akasema. "Chuma kimeyeyuka, hukioni. Klorini imekitoa mafichoni, imefanya kazi yake. Wewe ukaiadhibu kwa kuimwaga tena na tena. Kijana, unauliza dawa ipi kali. Uliza dawa hii kazi yake ni ipi."

Niliona aibu, kwa maana kulikuwa na wateja. Lakini hakuniacha hapo. Akachukua glasi ileile, akatia magadi ya unga kidogo, kisha unga wa shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza maji machafu, akakoroga taratibu kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Tukangoja. Ile kahawia ikaanza kushikana, ikawa vipande kama pamba chafu, vikazama. Juu maji yakabaki meupe. Mwanangu, nimeona mambo mengi mji huu, lakini ile glasi naikumbuka kuliko mengi.

Akanieleza yote huku akipima. Tangi la mchanga linalochuja maji ya bwawa linanasa takataka kubwa, lakini chuma hiki ni chembamba mno, kinapita. Shabu inakishikanisha kiwe kizito. Lakini shabu inayachachusha maji, ndiyo maana magadi yanatangulia. Kisha zima pampu, usiguse maji usiku kucha. Tope likishalala, lifyonze polepole ulitoe nje kabisa, lisirudi kwenye mchanga. Klorini iliyozidi, jua litaimaliza. Na asidi ya kuoshea vigae, akasema, siku utakayoichanganya na klorini watakuokota.

Nilifanya hivyohivyo. Jumamosi nilifyonza lile tope nikienda hatua moja moja, siku nzima, mgongo ukiniuma, na moyo wangu ukiwa mkubwa. Nilikuwa najua ninachofanya na kwa nini nakifanya. Tangu hapo sijawahi kumwonea haya mtu mwenye vyeti.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo. Kitu chochote utakachoshika, unga, mafuta, saruji au dawa, jua kwanza kazi yake na mpaka wake. Kikishamaliza kazi yake kiache, ita kingine. Na pale pa kungoja, ngoja, kwa maana kungoja pia ni namna ya kufanya kazi. Mungu ailinde mikono yako na macho yako, akupe mtu wa kukukaripia mapema, na siku moja kazi yako ikutangulie mlangoni.

Imebaki Jumapili. Mzee Athumani alikuja mwenyewe, na kanzu yake, akasema anataka kuona maji tu. Baba yake Mama Njoki aliletwa ukingoni ameshikwa mikono. Akainama. "Naona vigae," akasema, "hata ule uliopasuka." Akaanza kuvua viatu.

Mama Njoki akageuka kumuuliza mgeni kama ni yeye aliyetengeneza maji. "Mimi nauza dawa," Mzee Athumani akajibu. "Maji ni ya fundi huyu."

Fundi. Nikamtafuta Mzee Athumani nimshukuru, lakini alikuwa ameshapita kwa Wafula, anashuka barabara ya Muthangari kwa mwendo wake uleule, bila kugeuka. Hakurudi tena pale bwawani.