Nilivyoufuta Wimbo wa Tatu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile ambayo mzee mmoja alinisikiliza nikiimba nyimbo nne bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali moja dogo nikakosa la kujibu. Nashukuru kwamba nilikosa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga tarumbeta katika bendi ya kanisa letu huku Igurwa, Karagwe. Nilimpenda msichana aitwaye Koku, aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Tulikuwa tumeshazungumza habari za ndoa, na mama yangu alishaanza kumwita mkwe. Kisha Jumamosi moja, tukitoka mazoezini, Koku akanisimamisha njiani.

"Nisamehe," akasema. "Moyo wangu uko kwa mtu mwingine, na sitaki kukudanganya."

Alisema ukweli, tena kwa upole. Mimi niliusikia kama tusi.

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wa kijiji cha Kihanga. Siku ya harusi yao bendi yetu ndiyo iliyoalikwa, nami nikapiga. Nilipiga mpaka bibi harusi akapanda gari. Halafu nikaiweka tarumbeta kwenye benchi, nikaondoka bila kumuaga mtu. Hata mama sikumuaga. Baba alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki naye nyumbani.

Nilitembea. Nilipita vijiji vya Kyerwa nikichuma kahawa katika vibanja vya watu, yale mashamba ya kando ya nyumba, hadi nikafika Murongo, mpakani, nikawa mbeba mizigo. Nilishusha magunia ya maharage na kupakia mengine, na katika kutembea huko ndipo nyimbo zilipoanza kunijia. Zilikuwa nne, zikifuatana kama hadithi. Wa kwanza ulisimulia jinsi nilivyomsikia Koku akiimba mara ya kwanza. Wa pili ulikuwa wa barabara na vumbi lake. Wa nne ulikuwa wa Mto Kagera, unaopita tu bila kumuuliza mtu anatoka wapi. Na wa tatu, mwanangu, naona haya kukwambia. Wa tatu ulimtaja Koku kwa jina, na mume wake kwa jina, ukawaombea nyumba isiyo na mtoto.

Baada ya karibu miaka miwili nikarudi. Nilimkuta mama kwenye migomba, akikata majani makavu. Akasema tu, "Mwana wange, ingia ule." Nilikula, na kesho yake nikaenda kwa wenzangu wa bendi kujitapa kwamba sikukuu ya mavuno nitaziimba zote nne mbele ya watu, wa tatu ukiwemo. Habari ile ilifika Kihanga kabla ya wiki kwisha.

Ndipo Mzee Bashaija, aliyekuwa kiongozi wa bendi yetu, akaniita kwake. Nilimkuta barazani akisugua tarumbeta kubwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Imba."

Nikaimba. Aliendelea kusugua mpaka nilipomaliza, kisha akaweka kitambaa chini.

"Ni nzuri," akasema. "Huo wa barabara umenigusa sana. Sasa niambie, mama yako yuko katika wimbo wa ngapi?"

Nikazihesabu kwa vidole hadi wa nne, nikaanza tena.

"Wewe uliachwa, ukaondoka. Yeye aliachwa, akabaki. Kila Jumapili alikuja kuniuliza kama kuna msafiri aliyekuona. Miaka miwili umetunga, na hayumo. Lakini mume wa Koku, ambaye hata hamjawahi kugombana, yumo."

"Mzee, niliumia."

"Najua uliumia. Imba hivyo hivyo kwamba uliumia, na tarumbeta zote nitazipanga zikusaidie. Ila jina la binti wa watu si mali yako."

Nilirudi nyumbani nikauchana ukurasa nilioandika wimbo wa tatu. Ilinichukua wiki tatu kuandika mwingine, wimbo wa mama ambaye mwanawe ameondoka bila kuaga. Mzee Bashaija akaupangia bendi kwa mkono wake. Katika wimbo wa barabara aliweka ngoma na tarumbeta zote. Katika ule wa mama akawanyamazisha wote, akabakiza tarumbeta kubwa peke yake, ikipigwa polepole.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa. Koku na mume wake walikaa karibu na mlango. Nilipomaliza wimbo wa pili, nilimwona Koku ameinamisha kichwa na kumshika mumewe mkono. Nikaanza wa tatu. Alipoelewa kwamba anayeimbwa ni mama, aliinua uso taratibu, na mimi nikajua ni ubaya gani niliokuwa nimebakiza kidogo tu kuutenda.

Baada ya ibada alinifuata. "Nilikaa pale mlangoni ili niweze kutoka haraka," akasema. "Asante kwamba sikulazimika kutoka." Mumewe akanipa mkono. Tangu hapo tumesalimiana vizuri, tumezikana na kuchangiana harusi za watoto.

Mama alisubiri mpaka tulipokuwa njiani.

"Wimbo wako mzuri," akasema, "ila kuna mahali umekosea. Umesema nilikaa mlangoni nikilia. Nani alikaa? Shamba lingeangaliwa na nani? Nililia huku nalima."

Tukacheka wote wawili. Kisha nikapiga magoti palepale barabarani, nikamwomba radhi. Akanivuta mkono. "Simama, watu wanapita. Ulisharudi, mimi nilishamaliza." Kesho yake tulirekebisha ule ubeti, na hadi leo kwaya inauimba alivyosema yeye. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akamwona mke wangu, akawabeba wanangu. Sina namna ya kumshukuru Mungu ikatosha.

Mwanangu, siku hizi anayeachwa hahitaji hata bendi. Anashika simu, anaandika jina la mwenzake, na kufikia jioni Karagwe na Kyerwa nzima wameshasoma. Ukiachwa, lia. Tembea kama miguu inataka kutembea, lakini aga kwanza. Imba maumivu yako kwa sauti yote uliyonayo, maana ni yako. Jina la mwenzako liache, hata kama unaona amekukosea. Na kabla hujasema huna mtu, tazama vizuri nyumbani ni nani anayekuulizia. Ukimpata mzee wa kukuambia hayo usoni, usimkasirikie, wengi hawampati.

Mungu akupe mtu wa kumpenda naye akupende. Asipokupenda, akupe nguvu ya kumwacha aende salama. Na popote utakapofika, akurudishe kwenu ungali na wa kumwamkia.